Sambaza Kwanza, Soma Baadaye

Jumatatu, 3 Machi

Siku ya kuzaliwa ya Malkia, mwimbaji wetu, ni Jumamosi. Grupu halilali. Kila mwaka sisi Raia — ndivyo tunavyojiita mashabiki wake — tunafanya jambo la hisani kwa jina lake. Mwaka jana tulisafisha soko. Yaani kila mtu alipiga picha na ufagio. Picha zilipendeza. Soko liko vilevile.

Mwaka huu jukumu nimeangushiwa mimi, maana mimi ndiye Waziri wa Habari wa Raia. Kazi yangu nyingine ni kushona suruali.

Leo fundi viatu wa mlango wa pili kachelewa kufungua. Nikamuuliza kulikoni. Binti yake ana tundu kwenye moyo, anapasuliwa Jumatano ijayo. Hospitali inataka familia ilete watu sita wa kutoa damu, ya kundi lolote, inakwenda kwenye akiba. Mwisho Jumanne, siku moja kabla. Wasipopatikana, nafasi anapewa mtoto mwingine, na ya kwake itarudi Mungu anajua lini. Yeye mwenyewe wamemkataa kwa sababu ya sukari. Mkewe ananyonyesha. Ndugu wako mbali, na walio karibu wamekuwa mbali ghafla.

Nikamwambia, fundi, watu sita tu? Mimi nina watu maelfu humu. Nikamwonyesha simu. Aliitazama kama mimi ninavyotazama zipu ya bei rahisi.

Jioni mke wangu kauliza: na wewe ni wa ngapi kati ya hao sita? Nikamjibu mratibu hatoi, mratibu anaratibu. Anajua naogopa sindano. Nimeshika sindano maisha yangu yote — lakini zile nazishika mimi.

Jumanne, 4 Machi

Nimekwenda wodini kumwona mtoto, nipate na picha ya kuweka kwenye posti. Ana miaka tisa na mdomo wa miaka arobaini. Ananiita baba mdogo.

Ukutani juu ya kitanda chake kuna stika. Ya Njiwa.

Njiwa! Mashabiki wa mwimbaji huyo wanajiita Jeshi, na baina yao na sisi hata salamu ni ya kupimiana. Nikamuuliza mtoto kwa upole kama anamfahamu Malkia. Akasema anamfahamu, si yule anayeimba kama kaamshwa usingizini? Nikamwambia apone kwanza, mengine tutaongea.

Nesi kanikataza kupiga picha, watoto wagonjwa hawapigwi. Sawa. Na habari ya stika imebaki wodini. Raia hawawezi kushea kwa ajili ya mtoto wa Jeshi, nawajua, mimi ndiye niliyewafundisha.

Jumatano, 5 Machi

Posti imetoka. Kwetu posti isiyo na picha ya Malkia haishewi, kwa hiyo nimeweka ile aliyovaa nyeupe, kafumba macho. Juu: DAMU INAHITAJIKA HARAKA. Chini, kwa maandishi madogo kidogo maana nafasi ilikuwa finyu, habari ya mtoto na jina la hospitali.

Tuna kanuni moja kwenye grupu: sambaza kwanza, soma baadaye. Tuliipitisha mwaka ule Jeshi walipokuwa wanatupiga kila siku mtandaoni. Imetusaidia sana. Leo posti imekwenda kama moto kwenye nyasi kavu. Nimeshona suruali moja mguu wa kushoto mara mbili.

Alhamisi, 6 Machi

Imeshewa mpaka nchi ambazo sijui zilipo. Waliokwenda kutoa damu: hakuna.

Fundi viatu anachungulia kila akimaliza kiatu. Namwambia bado, wako njiani. Maoni yamejaa mioyo na machozi. Mmoja kaandika Malkia usituache. Nikaona ni mapenzi tu.

Ijumaa, 7 Machi

Mteja kaleta sketi ya kupunguza huku analia. Nikadhani ni sketi. Akasema, fundi hujasikia, Malkia yuko mahututi, hospitali imekosa damu. Nikamuuliza kasikia wapi. Akanionyesha posti yangu.

Nimeitazama kama mgeni. Damu inahitajika haraka. Mwanamke mwenye nguo nyeupe, kafumba macho. Mimi mwenyewe ningelia.

Baadaye nesi wa wodini, niliyemwachia namba, kapiga simu. Getini pamejaa watu, wana maua, mmoja kaja na spika. Akauliza kama ninajua lolote. Nikasema nitafuatilia. Kisha akaongeza kwamba baadhi yao wamepanga foleni ya kutoa damu, na watatu wameshatoa.

Watatu! Sikufuta posti. Nimekwenda kwa fundi viatu nikamweleza yote, na kwamba nikisahihisha sasa hivi foleni itakatika. Aliendelea kugonga msumari. Akasema, "Fundi, mwanangu asipasuliwe kwa damu ya watu waliodanganywa."

Nikatoa simu nisahihishe. Akagonga msumari mwingine.

"Au tungoje kidogo?" akasema.

Tukangoja. Hatukutazamana. Mpaka benki ya damu inafunga, walikuwa watatu walewale. Wengine waliambiwa warudi kesho asubuhi.

Jumamosi, 8 Machi

Malkia katoa video anakata keki. Mzima wa afya. Anashangaa nani kamzushia kifo siku yake ya kuzaliwa.

Foleni imeyeyuka. Nesi anasema wapo walioondoka wakiwa wameshapimwa uzito. Mmoja wa wale watatu wa jana karudi kudai damu yake. Kaambiwa hairudishwi.

Grupu limeniwakia. Wengine wanasema nimenunuliwa na Jeshi. Uwaziri nimevuliwa kwa kura, na naibu wangu, ambaye nilimshonea suti ya harusi kwa hisani, ndiye aliyehesabu. Kiongozi wa Jeshi, anayejiita Jenerali, kaandika: Raia wamemzika malkia wao huku anakata keki. Mwanamke huyo kanitukana miaka minne, na sijawahi kumwona ana kwa ana. Sentensi ni nzuri, nakiri.

Nimejaribu kueleza habari ya mtoto. Wamenijibu hata huyo mtoto ni uzushi.

Fundi viatu kafunga mapema. Hakunilaumu, na ndiyo iliyoniuma. Nilimwahidi mtu mzima, mzazi, kwa kumwonyesha simu tu. Naona aibu, na naogopa. Safari hii si sindano.

Jumapili, 9 Machi

Mke wangu kasema mfa maji haulizi kamba ya nani. Hata sikujua kama ni methali au katunga. Nimemwandikia Jenerali.

Nimemwambia ukweli wote. Kwamba mtoto ni wa kwao, ana stika ya Njiwa juu ya kitanda, na mimi nililificha hilo ili Raia washee. Kwamba damu iliyopatikana ni ya watu watatu, bado watatu, na kesho kutwa ndiyo mwisho. Kajibu neno moja. Ushahidi?

Nikaenda wodini. Mtoto akarekodi sauti, anaimba wimbo wa Njiwa. Anavuta pumzi kila baada ya maneno mawili matatu, kisha anaendelea palepale alipoachia. Ameumaliza wote. Nimesimama na simu nikimsikiliza, mimi, adui wa wimbo ule, na macho yamenilowa. Kaniuliza kama nimeupenda. Nikamwambia una mapungufu.

Jenerali kajibu jioni. Anakuja kesho na Jeshi. Sharti moja: nivae fulana yao nikiwa natoa damu, nipigwe picha, na picha niiweke kwenye ukurasa wa Raia. Uwaziri wameninyang'anya, ila neno la siri la ukurasa hawalijui.

Nikamwandikia kwamba mimi sikuwa na mpango wa kutoa damu, mimi ni mratibu. Kajibu: basi mtoto wetu tutamwambia hivyo.

Nimekubali. Mke wangu kanipikia chakula cha nguvu kama mtu anayesafiri.

Jumatatu, 10 Machi

Naandika hapa benki ya damu, kwenye benchi. Nimekuja na shajara nitulie.

Jenerali amekuja. Ni mama mfupi, anafundisha watu kuendesha gari. Kanisalimia vizuri tu, shikamoo, nikaitikia marahaba kabla sijakumbuka ni nani. Nikamuuliza Jeshi liko wapi. Akanionyesha kijana mmoja nyuma yake, mwanafunzi wake, ambaye nadhani alifikiri wanakwenda kujifunza kuegesha. "Wengine?" nikamuuliza. Akatazama pembeni. Akasema wengine wote wameshea.

Sikucheka. Yeye ndiye aliyeanza kucheka, kisha na mimi nikashindwa. Tumecheka mpaka nesi kaja kutunyamazisha.

Wametoa wote wawili. Kijana kageuka kijivu, kapewa soda na biskuti, sasa anasema yuko tayari kurudia. Jenerali alitoa huku anajibu ujumbe. Watatu na wawili ni watano. Fundi viatu amesimama mlangoni, kavua kofia, anahesabu kwa vidole ingawa hesabu haihitaji vidole.

Fulana nimeshaivaa. Uso wa Njiwa kifuani, mkubwa. Makwapa yanabana, mshono wa ovyo, aliyeishona hakuwahi kuinua mkono. Nimepimwa uzito, presha, wamenitoboa kidole. Nilikuwa na matumaini fulani kwenye presha. Nesi anasema ni nzuri kabisa.

Mtoto katuma ujumbe kwa simu ya baba yake: baba mdogo, ukilia nitajua.

Jenerali kashika simu tayari kwa picha. Kaniuliza nitaandika nini juu yake. Nimemwambia nitaanza na jina la mtoto, kwa maandishi makubwa, kisha ndiyo picha. Akasema hivyo hakuna atakayeshea. Huenda.

Sindano nimeiona. Zangu za jinzi ni nyembamba. Nesi kapapasa mkono wa kushoto, kakunja uso, kahamia wa kulia. Anasema mshipa mzuri uko huku, kwenye mkono wa kuandikia, na ananiomba niache kalamu. Nimemwambia amhudumie kwanza anayefuata, mimi namalizia sentensi.

Kanitazama. Kaangalia benchi. Na mimi nimeliangalia, mwanzo mpaka mwisho. Niko peke yangu