Rota Niliyoificha Ndani ya Enyasa

Mume wangu mpendwa, Baba Ayikoru,

Barua hii sijui nimpe nani aipeleke, maana sijui uko wapi. Naiandika tu. Mimi na binti yako tuko ng'ambo, upande wa Zaire, tumepewa kibanda na watu wema. Kutwa nzima naogopa. Gari likikohoa kule barabarani natokwa na jasho, na Ayikoru ananiuliza, mama, una nini? Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka.

Unakumbuka nilivyokucheka kwa ajili ya lile gari letu kuukuu la buluu? Kila Jumapili baada ya misa kule Ediofe, wenzako walikwenda kunywa, wewe ulifungua boneti. Ulitoa plagi zote nne, ukazisugua kwa msasa, ukazianika juani juu ya ungo wangu. Nafasi ya cheche uliipima kwa wembe. Nikakuambia, "Afadhali ungeoa gari." Ukajibu, "Gari haipigi kelele bure kama wewe." Leo naitamani hata jeuri yako ile.

Halafu magari yakaanza kuchukuliwa. Likimpendeza mwenye bunduki, basi, kwaheri. Ndipo ukazoea kutoa rota kila ulipofika nyumbani, kile kidude cheusi kinachozunguka ndani ya distribyuta na kuzigawia plagi moto. Kibano cha kifuniko kilikuwa kimevunjika, ukakifunga kifuniko kwa kipande cha kitenge changu cha njano, kwa fundo lako la kufungia mbuzi. Rota ulinipa mimi. "Weka hii. Bila hii, gari iko chuma tu." Nikaifukia ndani ya chungu cha unga.

Wakaja asubuhi, askari watatu, mkubwa wao amevaa saa mbili mkono mmoja.

"Hii gari iko ya nani?"

"Iko yangu, afande. Lakini iko mugonjwa. Plagi yote imekufa."

Nilidhani umetuokoa. Kumbe yule mtu alicheka, akamtuma mwenzake, na haukupita muda zikaletwa plagi nne mpya, bado ziko ndani ya karatasi.

"Funga. Jua ikifika juu ya ile nyumba na injini haiwaki, mimi najua wewe iko naficha kitu."

Ukafunga. Nilikuona kutoka jikoni, ukizikaza moja moja kwa spana. Ulipomaliza ya nne ukapiga stata. Injini ikazunguka, haikuwaka. Yule mwenye saa mbili mkononi akatazama paa, jua lilikuwa limelikaribia. Wewe ukajifanya unasafisha nyaya, wala hukuniangalia hata mara moja.

Hukuniomba rota. Hilo ndilo linalonitesa. Nilisonga enyasa haraka, ule ugali wetu wa muhogo na mtama, nikaizika rota katikati ya bonge, nikaleta na maharage.

"Afande, huyu hajakula tangu jana. Acha akule kidogo."

Akaruhusu. Ulimega, kidole chako kikaigusa. Ukaniangalia. Baba Ayikoru, macho yale yalisema asante, au yalisema umefanya nini, mwanamke?

Ukainamia injini, ukaipangusa rota kwa shati wasione, ukairudisha mahali pake. Gari likawaka mara moja. Wakashangilia, na yule mkubwa akakupiga begani. "Dereva muzuri! Twende Koboko!" Nilifikiri watachukua gari. Sikufikiri watakuchukua na wewe. Ulinipa plagi za zamani ndani ya kitambaa, ukaninong'oneza, "Usitupe. Ziko nzima." Hukurudi tena.

Miaka miwili najiuliza: ningebaki jikoni je? Labda wangekupiga risasi pale uani. Labda wangechoka, wakaenda zao. Majuto ni mjukuu, lakini mimi sijui hata kama nina haki ya kujuta.

Vita vilipofika kwetu Arua mwaka huu tulikimbia kwa miguu, tukapita Koboko. Kule Ludara, kando ya shamba la muhogo, nikaliona gari letu. Buluu ile ile, halina magurudumu, halina viti. Watu wakaniita, "Mama, twende, wanakuja!" Miguu ilikuwa inataka kukimbia, lakini nilifungua boneti. Betri hakuna, plagi zimeng'olewa. Kifuniko cha distribyuta kilikuwa kimefungwa kwa kitenge cha njano. Nikafungua fundo. Rota haikuwamo.

Mwizi wa vipuri hafungi tena alichofungua, sembuse kwa fundo la mbuzi. Ni wewe uliyeitoa. Gari liliwafia mikononi. Baada ya hapo sijui. Labda uliingia kwenye muhogo ukatembea mpaka Sudan. Labda safari hii waligundua. Nikifika hapo siendelei.

Nilifunga fundo tena kama lilivyokuwa, ili ukipita ujue nimepita.

Plagi zako nne ninazo, nimezifukia kwenye unga. Kila asubuhi nazitoa nazipangusa zisishike kutu. Njoo na rota. Hata mikono mitupu, njoo. Na ukifika, kabla ya salamu, kabla ya kumbeba mtoto, niambie kwanza yale macho yalisema nini.

Ni mimi mkeo mwenye kelele,
Mama Ayikoru