Tanuri Lililoandikwa kwa Jina Langu

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini mguu wako umepata nafuu na kwamba bado unabishana na daktari, maana siku utakayomkubalia ndipo nitakapoingiwa na wasiwasi. Sisi huku tu wazima. Watoto wanakula, wanasoma, wanagombana. Ukiwasikia huwezi kujua kuna lililotupata.

Barua yako imezunguka sana kabla ya kunifikia, kwa kuwa ile nyumba si yetu tena. Tumepanga vyumba viwili nyuma ya duka la fundi viatu, na tangu tuhamie sijakuandikia kwa aibu. Najua umesikia maneno. Wengine wanasema nilimpora mume wangu mali, wengine kwamba alinifanya gunia la kufichia vitu vyake. Acha nikueleze mwenyewe.

Unamjua shemeji yako, hawezi kumwambia mteja hapana. Alikubali kupeleka mikate katika shule tatu, akachukua unga kwa mkopo, na shule hazikulipa. Maji yakazidi unga. Muuza unga akawa anakuja kila Jumatatu, anakaa kwenye kiti cha wateja, hanunui kitu. Wafanyakazi saba walikuwa na miezi mitano bila mshahara. Mimi nilisema dawa ya deni ni kulipa, tuuze mashine mpya ya kukandia unga na kile kiwanja cha nyuma, tubaki na nyumba. Akaniambia nitulie, amepata njia.

Njia yenyewe ilikuwa mimi. Rafiki yake mmoja, karani mwenye mihuri mingi kuliko akili, alimshauri waandike hati kwamba nyumba na kiwanda cha mikate alinipa zawadi, na tarehe irudishwe nyuma miaka miwili, kabla ya deni lolote. Wadai wakija watamkuta yeye ni maskini na mkewe ni tajiri. Nilikasirika, lakini pia niliogopa. Niliwafikiria watoto wakitolewa nje na magodoro yao, nikasema sawa. Sitajifanya malaika kwako.

Kesho yake aliwakusanya wafanyakazi akawaambia mwenye mali ni mimi, tangu zamani, na yeye ni mwajiriwa kama wao. Mmoja alicheka akidhani ni utani. Mzee wa tanuri hakucheka. Huyo ndiye aliyemfundisha mume wangu kazi kabla hajaota ndevu. Jioni alikuja jikoni kwangu, akavua kofia, akaniita bosi. Miaka yote amekuwa akiniita binti yangu. Aliuliza kama jasho lake la miezi mitano sasa aje kulidai kwangu, au limeshafutwa. Hakusema kwa kejeli. Alitaka kujua tu. Nilimkaribisha chai, akasema hapana, kibarua hakai kunywa chai na bosi. Niliona haya, dada, haya ya kutamani ardhi ipasuke.

Hati aliichapa karani, lakini orodha ya vitu niliachiwa mimi, kwa sababu mume wangu hajui hata idadi ya trei zake. Niliandika tanuri, meza, mizani, trei, mashine ya kukandia. Tukatia sahihi sote wawili, karani akagonga mihuri yake.

Muuza unga na wafanyakazi walikwenda mahakamani pamoja, wakaomba hati ifutwe kwa kuwa ni ujanja wa kuwakwepa. Wakili wao, mama mmoja mwembamba wa sauti ya chini, hakutufokea. Alimuuliza tu mume wangu mashine ile aliinunua lini. Kwa kuwa ndiyo fahari yake, alijibu upesi, akataja mpaka mvua iliyonyesha siku ile. Wakili akatoa risiti, halafu orodha yangu, akauliza mtu anawezaje kutoa mashine zawadi zaidi ya mwaka mmoja kabla ya kuinunua. Watu waliangua kicheko. Hata jaji aliinamia karatasi zake. Mume wangu akasema hakuiangalia orodha.

Njia ya mwongo ni fupi. Hati ilifutwa, nyumba na kiwanda vikauzwa, muuza unga akalipwa, wafanyakazi wakapata mishahara yao yote. Mume wangu sasa anamkandia unga mtu mwingine. Hanilaumu hata kidogo. Husema kosa ni lake, na husema hivyo kila ninapolalamikia paa linalovuja.

Sasa nikuambie nililokuwa nalizungukia. Sikukosea. Nilijua mashine ile ililetwa lini, kwani mimi ndiye niliyewapikia waliokuja kuishusha. Niliandika nikijua kwamba mtu mmoja makini akisoma, uongo wetu utaanguka. Sikuwa na ujasiri wa kumkatalia mume wangu, wala wa kusema kweli mbele ya jaji. Watoto wangu wamepoteza nyumba kwa mkono wangu mwenyewe. Hilo nitalibeba. Lisilobebeka ni kumsikia akijilaumu kwa tendo langu, na mimi nimenyamaza, namwongezea chai.

Hatujawahi kukuandikia bila yeye kuongeza salamu zake chini. Leo ningeweza kuifunga bahasha kabla hajarudi kutoka kazini. Sitaifunga. Nimemwachia nafasi.

Nisalimie shemeji na watoto, na daktari wako umwambie namwombea subira.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Kitinda mimba

Shemeji, shikamoo. Nimeisoma barua yote, naye amekaa mbele yangu hataki kunitazama. Mahakamani nilisema sikuiangalia orodha. Niliiangalia. Niliiona mashine pale chini, nikadhani mdogo wako amekosea, nikashukuru moyoni, nikatia sahihi. Yeye hajui. Sasa nampa asome.