Nilimukuta Kambale Fasi Bahari Inaondokaka

Yaya Masika,

Wavukire. Mama aliamuka namna gani? Ule muguu wake ungali unavimba? Na batoto, bangali banasoma, ao masomo ilifungwa tena? Miye mwili iko muzima. Niko ku ile ile kazi ya kukata kuku, baridi inaingia mu vidole mpaka sisikie kisu. Mais leo siandike juu ya kazi. Naandika juu ya ndugu yetu Kambale. Ikaa kwanza. Na usimusomee Mama mbele ya kumaliza weye mwenyewe.

Unajua tangu alitoka Eringeti, kiisha benye kuua kumuulia bibi yake na batoto wake ku shamba, hatukusikia tena sauti yake. Sasa mwanamuke mumoja wa Beni, mwenye tunasalaka naye ku kanisa huku Ufaransa, aliniambia aliona mwanaume wa kwetu ku kisiwa kimoja, kovu ku nyusi, anafanya kazi ku bandari. Dimanche, siku ya kusala, nilienda.

Kule hakuna barabara. Nilipanda mashua ya muzee mumoja mwenye anapelekaka mikate. Ziwa yetu ya Vitshumbi inakaaka fasi yake, lakini huku bahari inaondokaka. Inapanda, inajaza bandari, kiisha inatoka yote, inaacha matope tu na mashua zimelala ubavu kama ng'ombe zenye kuchoka. Ule muzee aliniambia: "Maji ikianza kushuka, naenda. Singojee mutu."

Bandari ilikuwa ukuta mumoja wa mawe na nyumba kidogo nyuma yake. Banaume balikuwa banageuza mifuko ya huîtres, ile konokono ya bahari yenye bazungu banakulaka mbichi. Mumoja alikuwa ameinama. Nilijua mugongo yake mbele ya kuona uso. Ni mugongo ya marehemu Papa.

Nikasema: "Kambale."

Hakugeuka. Nikamusalimia mu Kinande. Benzake bakaniangalia. Yeye akajibu mu Français: "Monsieur, umekosea mutu."

Mais kovu ilikuwa pale, ile ya siku chukudu, ile kinga ya mbao ya kubeba mizigo, ilimuangusha ku mutelemuko wa Masereka. Nikaikaa ku ukuta, nikangoja. Wakati benzake balienda kula, alikuya, akaikaa mbali kidogo, akasema polepole mu Swahili:

"Nani alikutuma?"

"Mama."

"Mama angaliko?"

"Angaliko. Alikimbia kutoka Mulekera, sasa iko ku Butembo kwa Yaya Masika. Kila siku anauliza juu yako."

Akaangalia mikono yake, imepasuka yote na chumvi. "Kakule, huku baniitaka Martin. Hakuna mwenye anajua kama nilikuwa baba. Naamuka, nageuza mifuko, nalala. Weye umekuya na kinywa ya nyumbani, na nabasikia bote."

"Sema naye hata neno moja tu. Mwambie uko muzima."

"Nitamwita namna gani? Ule mutoto wangu wa mwisho nilimupatia jina yake. Mu nyumba tulikuwa tunamwita Mama. Ni yeye nilikuwa naita, 'Mama, kuya ukule.' Ile neno haitoke tena mu kinywa yangu."

Yaya, sikumusikiliza. Nikatosha simu, nikapiga ku namba yako, nikaitia mu mukono yake. Unakumbuka ile dimanche, Mama alikamata simu, akasema allô, allô, mukazani réseau ya simu imekatika? Haikukatika. Ni Kambale njo alikuwa anashika. Nilisikia Mama anauliza: "Kakule, ni weye? Uko unakula vizuri?" Machozi ikateremuka mu ndevu yake, kinywa ikabaki imefungwa. Kiisha akanirudishia simu. Ni miye nilisema, "Mama, réseau ni mubaya," nikakata.

Muzee wa mashua akaanza kulalamika, maji ilikuwa inatoka. Nikamuambia Kambale: "Dimanche ingine nitarudi. Nitakuletea unga, tupike bugali." Akasema: "Sawa." Tu vile. Niliangalia nyuma, alikuwa amesharudi ku mifuko yake.

Dimanche yenye ilifuata nilirudi, unga mu sac. Benzake baliniambia Martin alichukua vitu vyake kesho yake ya ile siku, akavuka, hakuaga mutu. Hakuna mwenye anajua alielekea wapi. Muzee wa mashua naye hajue. Nilipigia bandari zingine ku simu, mpaka leo hakuna kitu.

Nilienda kumutafutia Mama mutoto wake, Yaya, na ni miye nilimufukuza ile fasi moja tu yenye ilikuwa inamubeba.

Unisalimie bwana yako na ile darasa yake ya batoto wengi, tante mwenye anauzaka nyanya ku soko, na noko katekista, ndugu ya Mama. Amuombee Kambale, asiseme ni juu ya nini. Juu ya Mama, sijue utamwambia nini. Weye uko karibu na macho yake, angalia. Miye nimeshindwa. Na kama anauliza juu ya ile simu, mwambie ni réseau.

Ni miye mudogo wako,
Kakule