Baba mkwe alisahau oili, nikasema ni mimi

Mpendwa mshauri, pole na kazi, naomba unishike mkono maana siri niliyoibeba inanilemea na ndani ya nyumba hii sina wa kumwambia.

Mimi ni mama wa watoto wawili, kazi yangu ni kuendesha boti ya kuvusha watu wanaokwenda zahanati na sokoni ng'ambo, na kazi hii nilifundishwa na baba mkwe wangu, ambaye gatini wote wanamwita Hamsini, kwa sababu mashine yetu ya zamani ilikuwa ya kuchanganyiwa oili ndani ya petroli, hamsini kwa moja, nusu lita ya oili kwa dumu la lita ishirini na tano, na kwa miaka thelathini hakuna aliyemwona akikosea hata kijiko. Watu walipocheka kwamba mwanamke haendeshi boti aliwajibu, "Mashine haijui nani kavaa gauni," akanikalisha nyuma, akaniwekea mkono kwenye usukani, na tangu siku hiyo ananiita mwanangu, si mkwe.

Sasa mshauri, miezi minne iliyopita tulikuwa katikati ya maji na abiria kumi na mmoja, mmoja wao mjamzito, mashine ikaanza kulia kama chuma kinasagwa, ikanoki, yaani ikakwama isizunguke tena, pale pale, tukapiga kasia mpaka boti ya mchanga ikatuvuta, na niliporudi bandani nikakuta kopo la kupimia liko rafuni limejaa oili, yaani baba alipima halafu akasahau kumimina, tumekwenda na petroli tupu. Nikasikia kikohozi chake anakuja, nikairudisha ile oili kwenye galoni upesi upesi, na mume wangu alipofika akauliza nani kachanganya leo, nikasema mimi. Baba alikuwa amesimama mlangoni.

Mume wangu ni mchomeleaji, si mtu mbaya, lakini tangu siku hiyo ananitazama kama mtu aliyeacha mtoto karibu na moto, akatafuta mashine nyingine, ya mtumba lakini nzima, hii ina tangi lake la oili na pampu inayojipimia yenyewe, petroli unaweka tupu, akaniambia, "Sasa hata ukisahau, yenyewe haisahau."

Tatizo, baba bado anachanganya. Namwambia baba hii haitaki, anasema sawa mwanangu, kesho asubuhi nakuta dumu lina oili tayari, mashine inalishwa mara mbili, inafuka kama tanuri la matofali, plagi zinajaa masizi kila wiki, abiria wanakohoa, na mume wangu anasema nikiiua na mashine hii atanitoa botini. Juzi baba alinishika mkono akasema, "Mwanangu, itoe hiyo pampu, turudi kuchanganya. Pampu siku ikifa haiagi. Na mimi nisipochanganya, asubuhi naamkia nini?" Halafu akaniita kwa jina la marehemu mama mkwe, nami, mshauri, nikaitika.

Nikisema ukweli namvua nguo mzee mbele ya mwanawe, nikinyamaza naogopa maji. Pampu niitoe au niiache?

Mkwe Mwenye Siri

JIBU:

Mwanangu, hapo ulipoitika nilivua miwani nikaifuta. Mzee alipata binti, si mkwe. Sasa nimeivaa tena, nisikilize.

Kuitika ni upendo. Kuficha oili ile ni jambo jingine kabisa. Wale kumi na mmoja waliwakabidhi roho zao, na yule mjamzito alikuwa na mbili. Heshima ya mzee hailindwi kwa kuwaweka watu juu ya maji na mashine ambayo hujui imelishwa nini. Na mumeo unamwonea: anakasirikia kosa lisilo lako huku baba yake anaugua pembeni yake na yeye hajui. Umemnyima nafasi ya kuwa mtoto.

Barua yako haikunipa subira ya kungoja siku ya gazeti, ndiyo maana nilikupigia Jumatatu kwa namba uliyoiacha nyuma ya bahasha, nikakwambia: usianze kwa mumeo, anza kwa mzee, muombe ruhusa. Ukalia, ukasema huwezi. Juzi umenipigia mwenyewe. Ulimkuta anapangusa boti, ukamwambia, "Baba, ile siku ya kunoki, mimi naijua." Akaendelea kupangusa, halafu akasema, "Na mimi naijua. Nilikuwa nangoja nani ataanza." Jioni, kabla chakula hakijapakuliwa, akamwambia mwanawe kwa mdomo wake: "Mkeo alinisitiri. Kichwa changu kina matobo." Ukaniambia mumeo alitoka nje akakaa kwenye ngazi, akarudi macho mekundu, akakuomba radhi mbele ya baba yake. Mambo uliyoyaogopa miezi minne yamekwisha hata wali haujapoa.

Sasa ya mashine. Nimemuuliza fundi, maana mimi pampu ninayoijua ni ya baiskeli. Kasema pampu ikiwa nzima iache, inapima kwa kadiri mashine inavyokimbia, moshi unapungua. Lakini kasema pia mzee wako hakukosea: pampu hufa, mpira unaopitisha oili hupasuka, na king'ora cha kuonya nacho kikiwa kibovu, mashine inakufa kimya. Kwa hiyo mpelekeeni fundi mashine, akague vyote vitatu. Dumu lenye mchanganyiko litoke bandani kabisa, lisibaki hata moja la kumtamanisha. Na kila asubuhi, kabla abiria hajakanyaga boti, mzee ashike tochi, akague tangi la oili na mipira, atamke kwa sauti anachokiona, na wewe uangalie nyuma yake kwa macho yako mwenyewe. Si kwamba humwamini. Macho manne ndiyo sheria ya boti, hata angekuwa na miaka ishirini. Hiyo ndiyo itakuwa ya kuamkia.

Kwenye simu umesema pia mmempatia mzee nafasi ya daktari Alhamisi. Boti ipumzike siku hiyo, mwende watatu. Wewe kaa upande mmoja wake, mumeo upande wa pili, na daktari akiuliza swali, nyamazeni nyote wawili, mwacheni kwanza ajibu mwenyewe.