Sufuria ya Sombe Kwenye Ngazi

Tantine,

Nimemaliza matriki, mtihani wa mwisho wa sekondari. Nimefaulu, hata hesabu. Matokeo yalipotoka nilikimbilia jikoni kukuambia, nikakuta aproni yako tu msumarini. Nikaiambia hiyo.

Lakini kuna jambo jingine ambalo sikuwahi kukuambia, na wewe hukuniuliza. Ni la siku ile kwenye ngazi, mwaka wa lokdauni.

Nilikuwa na miaka kumi na tatu. Mama Riziki wa ghorofa ya saba alikuwa amefiwa na mama yake kule Bukavu, na hakuna aliyeruhusiwa kwenda kukaa naye. Ulisema watu wanaweza kukatazwa kukusanyika, lakini mfiwa hawezi kuachwa awashe jiko lake mwenyewe. Ukapika fufu na sombe ya majani ya muhogo, ukavaa barakoa, ukaweka sufuria kichwani. Mimi nikabeba chupa ya chai. Lifti ilikuwa imeharibika, kama kawaida.

Ghorofa ya tano tukakutana na polisi wawili wakishuka. Mmoja alikuwa na mjeledi. Walitufokea kwa Kizulu turudi ndani, kisha yule wa mjeledi akakuamuru uweke sufuria chini. Kizulu chako kilikuwa cha kuuzia vitenge, bei na salamu tu. Ukanigeukia mimi niliyekisoma shuleni.

"Waambie, mama. Waambie kule juu iko matanga. Chakula ya matanga haiwekwi chini."

Neno nilikuwa nalo, Tantine. *Kufiwe.* Kumefiwa. Ni neno moja tu, na hakuna Mzulu asiyeliheshimu. Lilikuwa hapa kooni. Nikatazama viatu vyao, nikanyamaza.

Akakuchapa mkononi. Hukuiachia sufuria. Basi wakageuza kuwa mchezo: uchuchumae na kusimama mara kumi, sufuria ikiwa kichwani. Wakahesabu kwa Kiingereza huku wakicheka. Ulishuka polepole na kupanda polepole, shingo imenyooka, macho mbele, na walipofika saba walikuwa wameacha kucheka. Hakikumwagika kitu. Wakatuamuru tena turudi, wakaenda zao. Ulivuta pumzi, ukaniuliza kama chai ingali moto, tukapanda.

Mama Riziki alipouona mkono ulivyovimba ulimwambia ngazi za jengo hili ni mbaya. Ukakaa naye, ukamlisha.

Nyumbani nilingoja uniulize kwa nini sikusema. Ukanipa mafuta nikupake. "Ulibeba chai muzuri," ukasema, basi. Nimeishi na maneno hayo miaka yote hii. Nilitamani unigombeze.

Sasa nikupe habari za msiba wako. Mama Riziki alifika wa kwanza, na sombe. Siku ya tatu mama wa kanisani walikuja na vyakula, na kutoka dirishani nikaona gari la polisi limesimama mlangoni. Walitaka karatasi za kila mtu. Mama mmoja mwenye sufuria ya maharage alikuwa akionyeshwa kwa kidole aiweke pale kwenye lami.

Unanijua, mimi hata kuagiza mkate dukani natafuta sauti. Nilishuka ngazi mpaka mlangoni. Nikasema, "Kufiwe." Hawakusikia. Nikasema tena, kwa nguvu, nikaongeza kwamba aliyekufa ndiye aliyenilea.

Polisi mzee akavua kofia. Yule kijana hakuvua. Alikagua karatasi zote, moja moja, na nikasimama pale nikimtafsiria kila mama mpaka wa mwisho akapanda. Ilichukua muda mrefu. Lakini ile sufuria ya maharage haikugusa lami. Niliishika mimi.

Sijui kama neno langu lingekuokoa siku ile. Labda angekuchapa vilevile. Ila usingekuwa peke yako mbele yao, na hilo ndilo ninalokuomba unisamehe.

Sufuria yako kubwa nimeirithi mimi, hakuna aliyebisha. Ghorofa ya pili wamefiwa juzi, Warundi, wamehamia hivi karibuni, hawana ndugu hapa. Sombe yangu bado inazidi chumvi. Nitawapelekea hivyo hivyo, na nikisimamishwa kwenye ngazi, nitajibu.

Pumzika, Tantine. Pumzisha na ule mkono.

Mtoto wako uliyembebesha chai