Nimesamehewa Kosa Nisilolifanya

Mpendwa mshauri, naomba msaada, na univumilie maneno yakija kwa fujo maana nimekaa nayo kifuani mpaka yamechacha, mimi ni dobi, kutwa nzima napiga pasi nguo za watu, na mume wangu ni fundi wa friji, fundi hodari kweli ukimpata akiwa na akili zake, ila kwa miaka mingi akili hizo zilikuwa mali ya pombe, yeye anabomoa na mimi nyuma yake naokota vipande. Friji la muuza nyama lilipofunguliwa likaachwa wazi hivyohivyo kwa sababu bwana fundi amekwenda kunywa, nyama yote ikaoza, na aliyesimama pale buchani mbele ya wateja kutukanwa ni mimi. Binti yetu naye hajasahau siku baba yake alipofika kwenye mkutano wa wazazi amelewa chakari, akaangukia meza ya mwalimu mkuu, tangu hapo wenzake wakambatiza Binti Chupa na jina hilo limemganda mpaka leo.

Sasa ameacha. Namshukuru Mungu kwa hilo, tena sana, alikwenda kituo cha matibabu, akatetemeka, akatapika, akarudi mifupa mitupu, na tangu arudi hajagusa, kikundi chao cha walioacha anahudhuria, karakana ameifungua. Lakini mshauri, nyumba haikaliki. Mama mkwe amenionya nisimuudhi, wifi naye akaongeza kwamba mtu aliyetoka huko ni kama yai, roho ikimchafuka akarudia, lawama zote zitakuwa zangu. Basi nanyata ndani ya nyumba yangu kama mwizi, nikikasirika nameza, akichelewa kurudi nanusa kikombe chake, nanusa shati, nanusa hadi mto, na yeye anajua kwamba nanusa.

Juzi ukoo mzima ukakusanyika kwetu kumpongeza. Nimepika tangu asubuhi, natoka jikoni na sufuria mkononi namkuta kasimama anahutubia, anasimulia alivyozama na alivyoibuka, watu wanafuta machozi, halafu akasema, "Nawasamehe wote walionikatia tamaa. Na mke wangu yule pale, namsamehe maneno yote makali aliyonitolea."

Wakapiga makofi, mshauri. Nikaitua sufuria sakafuni, nikatokea mlango wa nyuma, nikakaa kwa jirani mpaka wageni walipoondoka. Wakasema nina kiburi.

Kesho yake akatangaza kwamba ataenda kuzungumza na wanafunzi kuhusu ulevi, katika shule ileile ya binti yetu, na mwalimu mkuu amekubali. Binti akaapa kwamba baba akiingia kwa lango lile yeye anatoka na harudi tena, akanituma mimi nikaseme. Nikasema. Mume wangu akaniangalia kwa upole kabisa, akauliza, "Kwani unataka nirudi kunywa?"

Nikarudi kwenye pasi yangu. Na ukweli wenyewe ni huu, kuna siku natamani arudie tu, ili wote waone nilichokuwa nakibeba. Je, mimi ni mtu mbaya? Na hasira hii niipeleke wapi isije ikamuua?

Dobi

MSHAURI ANAJIBU

Dobi, barua yako imenipandisha hasira, na sehemu ya hasira hiyo imebaki kwa ajili yako, kwa hiyo kaa vizuri.

Tuanze na hilo swali lake. Lile ni fimbo, na ameishika kwa upole ili usione inavyochapa. Uraibu ni ugonjwa, nakubali, na mwili wake ulipigana vita usivyoweza kuviona. Lakini mgonjwa akipona hapewi ruhusa ya kuwatishia waliomuuguza. Hukumtia pombe kinywani alipokuwa anakunywa, na hukuitoa kinywani alipoacha. Akirudia, Mungu apishe mbali, atakuwa amerudia kwa mkono wake. Wifi yako anayejua sana habari za mayai aje ayalalie yeye.

Kuacha chupa ni mlango tu. Ndani kuna kazi ya kuwatazama usoni aliowaumiza na kuwasikiliza bila kujitetea. Mumeo ameruka kazi hiyo akakimbilia jukwaani, maana jukwaani kuna makofi. Kazi hiyo ndiyo iliyobaki kumkuza, na huwezi kuifanya kwa niaba yake.

Sasa wewe. Acha kunusa mto, mama. Pua yako haijawahi kumzuia kunywa hata siku moja. Inakuchosha wewe na kumfedhehesha yeye. Na uache kumtumikia kila mtu kama mpeleka salamu. Ulikwenda kwa muuza nyama kumsemea mume, leo unamsemea binti. Ndiyo maana mdomo wako mwenyewe umesahau kazi yake. Kuhusu kutamani arudie, hapana, si ubaya huo. Ni kiu ya mtu ambaye hajawahi kuulizwa, "Na wewe je?" Ila ukiiacha bila kuisema itakuozesha.

Fanya hivi. Habari ya shule isimame wiki hii hii. Nenda kwa mwalimu mkuu na mumeo, binti akiwepo, na binti aseme mwenyewe. Aibu ile ilimpata yeye, na yeye ndiye wa kuamua kama itafunguliwa mbele ya wenzake. Akikataa, shule ziko nyingi, baba akahubiri kwingine. Halafu ulizia kituoni kwao kama kuna kikundi cha wenzi na ndugu. Vituo vingi vinavyo. Uende peke yako, na usimwombe mama mkwe ruhusa.

Kisha mwite mumeo mchana, hakuna ugeni, redio imezimwa. Usipige kelele, wala usilainishe neno. Mwambie, "Msamaha wako nakurudishia. Sikukukosea. Nilichoka." Halafu nyamaza, hata kimya kikiuma, na umwachie yeye atafute la kusema.