Hatua Mia za Baba

Jumatatu, 3 Machi
Nimepewa kazi. Niandike historia ya kijiji – kurasa nne, zisizidi, maana Mwenyekiti hasomi zaidi ya hapo. Mpimaji ardhi anakuja wiki ijayo kutupimia mashamba tupate hati. Kasema pasipo na alama ya mpaka atafuata maelezo ya kijiji yaliyoandikwa. Wote wakageuka kunitazama. Mwalimu mstaafu, mwandiko mzuri, hana mume wa kumpikia. Basi nikawa katibu. Kikao kilichukua saa tatu, mbili kati ya hizo tulikuwa tunamsubiri Mwenyekiti.

Jumatano, 5 Machi
Mwenyekiti kaja na historia yake kichwani. Eti baba yake ndiye mwanzilishi. Alifika peke yake, pori tupu, panga moja mkononi, akafyeka mpaka viganja vikatoka damu. Nikamuuliza alifika mwezi gani. Akasema, Mwalimu, mambo ya mwezi ya nini, we andika tu. Mzee wake alifika wa tisa! Alikuta watu wanavuna. Mama alitusimulia: kitu cha kwanza alichoulizia mwanzilishi huyo ni chakula.

Na wengine ni hao hao. Muuza duka anataka duka lake litajwe kabla ya shule. Fundi baiskeli anataka mafuriko yawe na ukurasa mzima kwa sababu aliokoa mbuzi. Mbuzi mmoja. Miaka sitini wanalima mahindi kwa mistari iliyonyooka, lakini mstari mmoja wa ukweli hawauwezi. Wananichosha.

Alhamisi, 6 Machi
Leo naandika ugawaji wa mashamba. Hapa simhitaji mtu, napajua. Kila familia ilipewa upana wa hatua mia, urefu kutoka mtoni hadi mlimani. Ili pasiwe na upendeleo alipima mtu mmoja tu, wakamwita Mguu Sawa. Kijiji kizima kimepimwa kwa miguu ya mtu mmoja, na mpaka leo wanajivunia! Kamba walikuwa nazo. Walifungia mbuzi.

Nimeandika pia habari za Kiraka. Ndivyo tunavyoliita shamba la jirani yangu, Bi Mkubwa, lililobanwa kati ya letu na mwamba. Jembamba, linatia huruma. Baba alikuwa akisema mume wa Bi Mkubwa alikuwa mvivu wa kufyeka. Nimeandika hivyo hivyo.

Jumamosi, 8 Machi
Nimekwenda kwa Bi Mkubwa kuhakikisha. Ndiye pekee aliyebaki kati ya wale wa kwanza. Nilimkuta anachambua maharage kwenye ungo, nikamsomea. Nilipofika kwenye uvivu wa mumewe hakukasirika. Akasema, mwanangu, hapo kidogo sivyo. Siku ya mwisho Mguu Sawa alijikata dole gumba la mguu kwa jembe. Yalibaki mashamba mawili, lenu na letu. Baba yako akasema niachieni, na mimi nina miguu. Akaanza na lenu. Sijapata kuona mtu mzima anaruka vile, mwanangu. Siku zote alitembea kama sisi, siku ile utadhani anavuka mitaro. Sisi tukapewa kilichobaki mpaka kwenye mwamba.

Nikamuuliza mbona hawakusema. Akasema watu walikuwa wamechoka, nani arudie kupima. Halafu akanifungia maharage nikapike.

Njia nzima nimetukana moyoni. Kizee kinasahau majina ya wajukuu wake, kinakumbuka hatua za baba yangu!

Jumapili, 9 Machi
Nimepima. Asubuhi mapema, kabla watu hawajaanza kupita. Mimi mfupi, hatua zangu ndogo. Shamba la Mwenyekiti: mia na ishirini. La muuza duka: mia na ishirini na moja. Letu: mia na hamsini. Nikarudia. Mia na hamsini. Kiraka: tisini.

Nimefundisha hesabu miaka thelathini na sita. Sikuhitaji karatasi.

Hatua thelathini. Ndani yake mna udongo mweusi wote, vitunguu vyangu, na kaburi la baba. Pale pa kuzikwa alipachagua mwenyewe. Nilidhani anapapenda.

Nikampigia simu mdogo wangu. Akacheka. Dada, andika alipima Mguu Sawa, nani atabisha? Nikamwambia hana haya. Akasema, sawa, mimi sina haya, ila vitunguu unakula wewe.

Jumatatu, 10 Machi
Watoto wawili wa mwisho wa Bi Mkubwa walipita darasani kwangu. “Wa Kiraka, simama.” Ndivyo nilivyowaita. Darasa lilicheka, nami nikacheka. Mmoja alikuwa na kichwa cha hesabu kuliko wote niliowahi kuwafundisha. Aliacha shule akaenda kulima vibarua kwa watu, maana kwao hapakuwatosha.

Nimeufuta mstari wa uvivu. Mahali pake sijaandika kitu. Namcheka Mwenyekiti na mwanzilishi wake wa tisa, huku nimekaa na kalamu kama mjinga.

Jumanne, 11 Machi
Mpimaji kafika na mashine yake ya miguu mitatu. Mwenyekiti kavaa koti na joto lote hili. Nimesoma habari za mwanzilishi kama alivyotaka, watu wakapiga makofi, hata wanaojua. Wamepima toka asubuhi, sasa wamefika mpakani kwetu. Hakuna alama. Mpimaji akaniuliza, Mwalimu, maelezo yanasemaje hapa?

Kijiji chote kimesimama juu ya vitunguu vyangu. Mwenyekiti akaninong'oneza, soma kama tulivyozoea, twende tukale. Bi Mkubwa kaletewa kiti. Anatazama pembeni, kama mtu anayeona aibu kwa niaba yangu.

Nimewaambia wangoje, naingia ndani kuchukua miwani.

Niko mezani. Daftari la historia liko hapa, nafasi bado nyeupe. Wananiita. Mpimaji anasema ana kijiji kingine leo. Na miwani nimeivaa tangu asubuhi. Kila mtu pale nje ameiona.